Kufanya Kazi ya Mbali na Kukaa Hispania: Masharti ya Kibali

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama wetu wa darasa la mwaka 1993 mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, bwaloni, mwaka 2025. Tunaichapa kwa ombi la wanachama wengi ambao hawakuweza kufika.)



Kamati imeniomba niseme kwa muda wa nusu saa juu ya jambo ambalo tangu nifike hapa juzi nimeulizwa na watu wasiopungua 20, baadhi yao wakinivuta pembeni kama vile ni siri. Jambo lenyewe ni hili: mtu asiyeajiriwa na yeyote, anayefanya kazi yake kwa kompyuta na kulipwa na wateja walio nchi nyingine, anawezaje kupata ruhusa ya kukaa Ulaya kwa muda mrefu, na kukaa kwa haki, bila kujificha. Mimi nakaa Valencia, Hispania, tangu mwisho wa mwaka 2023. Kazi yangu ni kutafsiri: maelezo ya dawa na ya hospitali, barua za shule kwa wazazi, na maandishi ya chini ya filamu. Wateja wangu wakubwa ni watatu, wawili wako Uingereza na mmoja Marekani. Kwa hiyo nitasema habari za Hispania, kwa kuwa ndiyo niliyoipitia, na nchi nyingine nitazigusa tu.

Niseme mapema kwamba sikuja kumshawishi mtu ahame. Wala sikuja kumkataza.

Kwanza tujue jambo hili lilitoka wapi. Zamani sheria za ugeni zilijua watu wa aina chache: mtalii, mwanafunzi, mwajiriwa, mwekezaji, mkimbizi. Mtu anayekaa nchi moja na kufanya kazi ya nchi nyingine hakuwa na sanduku la kuwekwa. Ulipokuja ugonjwa wa korona mwaka 2020, ofisi zikafungwa, watu wakajikuta wanafanya kazi kutoka nyumbani, na serikali zilizopoteza watalii zikaona hapa pana mgeni mwenye kipato chake, asiyegombea ajira na mwenyeji. Estonia ilianza mwezi Agosti mwaka 2020. Barbados ilianza mwaka huo huo. Ureno ikafuata Oktoba 2022, na Hispania ikatunga sheria yake Desemba 2022, Sheria namba 28 ya mwaka huo, ambayo kwa hakika ni sheria ya kukuza makampuni machanga. Sisi watu wa kazi za mbali tuliingizwa humo kama abiria wa ziada.

Naitaja asili hiyo kwa sababu inaeleza masharti yote yanayofuata. Nchi hizi hazimtafuti mtu wa kumpa kazi. Zinamtafuta mtu ambaye tayari anayo kazi, tayari analipwa, na pesa zake zinatoka nje ya nchi hiyo. Ukienda ubalozini ukasema, “Nikifika huko nitatafuta wateja,” umejifungia mlango kwa mkono wako mwenyewe.

Sasa masharti ya Hispania.

La kwanza ni kipato. Sheria inataka mtu awe na kipato kisichopungua mara 2 ya kima cha chini cha mshahara wa Hispania. Kima hicho hutangazwa na serikali yao kila mwaka, na hapa pana mtego mdogo wa hesabu ambao umewachanganya wengi. Wahispania hulipa mishahara 14 kwa mwaka, miwili ya ziada ikiwa aghalabu ni ya kiangazi na ya Krismasi. Mwaka 2025 kima cha chini kilikuwa euro 1,184 mara 14. Ukigawa kwa miezi 12 unapata euro 1,381 na senti kidogo. Mara 2 ni takriban euro 2,763 kwa mwezi. Nilipoomba mimi mwaka 2023 kiwango kilikuwa euro 2,520. Mwaka 2024 kikawa 2,646. Kwa hiyo mstari wenyewe unatembea, na kila mwaka unatembea kwenda juu. Anayepanga kuomba mwaka kesho asipige hesabu ya mwaka huu.

Ukija na mwenzi wako, inaongezwa asilimia 75 ya kima cha chini, na kwa kila mtoto au tegemezi mwingine asilimia 25. Mtu mwenye mke na watoto wawili, kwa viwango vya 2025, alihitaji kama euro 4,490 kila mwezi. Zidisheni wenyewe kwa bei ya benki ya leo mpate shilingi. Nasikia watu wanaguna huko nyuma. Gunani tu, hata mimi niliguna. Ndiyo sababu familia yangu bado iko Morogoro.

Sharti la pili ni uhusiano wako na wateja. Uwe umefanya nao kazi kwa miezi isiyopungua 3 kabla ya kuomba, na kampuni ya mteja iwe imekuwa ikifanya shughuli zake kwa muda usiopungua mwaka 1. Tena mteja aandike barua kwamba kazi hiyo yaweza kufanywa kutoka mbali, na kwa masharti gani. Mtu wa kujitegemea anaruhusiwa pia kuwa na wateja wa Hispania kwenyewe, lakini kazi yao isizidi asilimia 20 ya kazi yake yote.

Sharti la tatu ni ujuzi: ama shahada ya chuo kinachotambulika, ama uzoefu wa miaka isiyopungua 3 katika kazi hiyo. Hapa nataka vijana wanisikilize, maana nimeona baadhi yenu mnakata tamaa mapema. Mimi sina shahada. Nina stashahada ya ualimu na miaka kadhaa ya kutafsiri. Nilipita kwa mlango wa uzoefu, na mlango huo ni halali kabisa, si wa uani. Lakini uzoefu unaotajwa na sheria ni ule unaoweza kuwekwa mezani: barua za wateja, mikataba, ankara za miaka iliyopita. Uzoefu ulio kichwani hauhesabiki.

Yapo na mengine: cheti cha polisi cha kuonyesha kwamba huna hatia ya jinai, bima ya afya inayokubalika kule, na kujiandikisha katika hifadhi ya jamii ya Hispania kama mtu anayejitegemea. Hayo nitayapitia upesi baadaye.

Nataka kukaa kidogo kwenye suala la ushahidi, kwa kuwa hapo ndipo watu wetu wanapoangukia, na si kwa sababu hawafanyi kazi.

Chukueni kijana, nasema kijana yeyote, hapa nyumbani au jirani zetu Kenya, anayefanya kazi za kuandika, kuchora, kunakili sauti au kutengeneza programu. Anafanya kazi usiku na mchana. Pesa anazipata, pengine kuliko wengi wetu tulio humu. Lakini tazameni kazi hiyo inavyokwenda. Akaunti anayofanyia kazi ameikodi kwa mtu mwingine, kwa jina la mtu mwingine. Malipo yanapitia akaunti ya binamu yake aliyeko nje, binamu anakata chake, kinachobaki kinakuja kwa simu. Mkataba hakuna, yapo mazungumzo tu yaliyoandikwa kwa simu, na ilipobadilishwa simu nayo yakapotea. Ankara hajawahi kuandika hata moja. Namba ya mlipa kodi hana, au anayo aliyoichukua siku alipotaka leseni ya udereva.

Kijana huyo ni mfanyakazi hodari. Lakini mbele ya karani wa ubalozi hayupo. Jina lake halimo popote. Karani haoni mtu anayepata euro 2,763. Anaona mtu anayetumiwa pesa na binamu.

Kwa hiyo ninapoulizwa, “Nianzie wapi?”, jibu langu ni moja, nalo haliko ubalozini. Anza kwa kufanya kazi kwa jina lako. Fungua akaunti ya benki ambayo malipo ya kazi pekee ndiyo yanaingia, usichanganye na mchango wa harusi na pesa ya mahindi. Kila kazi iwe na ankara yenye namba, tarehe, jina la mteja na anwani yake, na kiasi kilichoandikwa kwenye ankara kilingane na kilichoingia benki. Kama benki imekata ada na kiasi kikapungua, andika pembeni. Wale mliosoma mchepuo wa biashara mtamkumbuka mwalimu wetu wa uwekaji hesabu, aliyekuwa akirudisha daftari zima kwa kukosekana tarehe moja. Tulimwona mkorofi. Mimi nilipoketi kupanga ankara zangu za miezi 12 nilijiona niko darasani kwake tena, na safari hii nilizipanga bila kunung'unika.

Mteja mmoja anayekulipa kila mwezi kwa mkataba ana thamani zaidi kwa kazi hii kuliko wateja 30 waliokulipa mara moja moja. Hata kama wale 30 walilipa zaidi! Mwombe barua. Barua ya mteja iseme mambo haya waziwazi: wewe ni nani, kazi unayofanya ni ipi, mlianza lini, anakulipa kwa namna gani, na kwamba kampuni inakubali uifanye ukiwa Hispania. Jambo hili la mwisho watu hulisahau, na barua iliyobaki inakuwa sifa tupu. Kuhusu umri wa kampuni, kwa wateja wa Uingereza ni rahisi, kwa sababu daftari la makampuni la kule liko wazi kwa umma na unaweza kulitazama kwa kompyuta bila malipo. Kwa Marekani kila jimbo lina daftari lake, na mara nyingi itabidi umwombe mteja akupatie cheti.

Sasa naomba nitaje jambo ambalo si la furaha. Miaka miwili iliyopita kijana mmoja, ndugu wa mtu tunayemfahamu sote, alimpa wakala shilingi milioni 6 ili atengenezewe kile alichoambiwa ni viza ya kazi za mtandaoni. Mamake aliuza kiwanja. Wakala akamtengenezea mkataba na kampuni ambayo ukiitafuta kwenye daftari lolote haimo, na taarifa ya benki yenye tarakimu nzuri sana. Ombi lilikataliwa. Milioni 6 hazikurudi, wakala alibadilisha namba ya simu, na kijana amebaki na kukataliwa kwenye kumbukumbu zake kwa hati za bandia, jambo atakaloulizwa kila atakapoomba viza nyingine. Alikuwa fundi mzuri wa kutengeneza kurasa za intaneti. Kazi aliyonayo ingemfikisha, pengine si mwaka ule lakini baada ya miwili. Simtaji wala simtaji wakala. Ninachosema ni kwamba viza hii haina kitu cha kununua. Ada za serikali zinajulikana, ziko kwenye karatasi za ubalozi wenyewe. Wakala wa kweli anaweza kukusaidia kupanga hati ulizo nazo. Hawezi kukupa kazi ambayo huna.

Turudi kwenye njia yenyewe. Iko milango miwili. Wa kwanza ni kuomba viza ubalozini ukiwa bado nyumbani. Hispania inao ubalozi Dar es Salaam na Nairobi. Viza hiyo ni ya mwaka 1, na kabla haijaisha unaomba kibali cha kuendelea kukaa. Mlango wa pili ni kuomba ukiwa tayari umeingia Hispania kwa halali, na hapo unaweza kupewa kibali cha hadi miaka 3 moja kwa moja. Ofisi inayoshughulikia maombi hayo iko Madrid, na kisheria inapaswa kujibu ndani ya siku 20 za kazi.

Mtasoma maelezo mengi yanayosifu mlango wa pili, kwamba mtu apande ndege tu aende akaombe huko huko. Maelezo hayo yameandikwa na Wamarekani na Waingereza, ambao wanaingia Hispania bila viza kwa siku 90. Pasipoti yetu haina nafasi hiyo. Ili uufikie mlango wa pili lazima uwe kwanza na viza ya matembezi, na kuomba viza ya matembezi huku nia yako ni kuhamia ni kusema jambo ambalo si kweli mbele ya karani. Mimi nilipita mlango wa kwanza, viza ya mwaka 1, kisha mwaka 2024 nikapewa kibali cha miaka 3. Ni njia ndefu zaidi, lakini kila hatua nilijua niko upande gani wa sheria.

Kuhusu hati. Cheti cha polisi hutolewa na Jeshi la Polisi baada ya kuchukuliwa alama za vidole. Kama umeishi nchi nyingine katika miaka 2 ya karibuni unahitaji na cha huko. Hati za serikali zetu lazima zithibitishwe kabla ya kukubaliwa kule, na utaratibu wake muulize ubalozi wenyewe kwanza ili usirudie kazi. Kisha kila hati isiyo ya Kihispania itafsiriwe na mtafsiri wa kiapo anayetambuliwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Hispania. Hapa wenzangu wa Valencia hunicheka: mtafsiri mzima nimelipa watafsiri wengine! Ndivyo ilivyo. Fungeni pesa za tafsiri katika bajeti yenu, maana hutozwa kwa ukurasa, na taarifa za benki zina kurasa nyingi.

Bima ya afya iwe ya kampuni inayoruhusiwa kufanya kazi Hispania, isiyo na masharti ya kuchangia kila unapomwona daktari. Nyumba ni shida ya peke yake. Wenye nyumba wengi kule wanataka kuona hati ya mshahara, nasi wa kujitegemea hatuna, kwa hiyo wengine hulazimika kulipa kodi ya miezi kadhaa mbele. Nendeni na akiba.

Ukishafika, unajiandikisha manispaa kwamba unakaa mtaa fulani, unapata kitambulisho chako cha mgeni, na unaingia katika hifadhi ya jamii ya wanaojitegemea. Kwa anayeanza, mchango kwa miezi 12 ya mwanzo ni wa nafuu; mwaka 2025 ulikuwa euro 80 kwa mwezi. Baada ya hapo unalipa kulingana na faida yako halisi, na unapanda haraka. Manufaa yake ni kwamba hospitali ya umma ni yako kama ya mwenyeji.

Kodi, ndugu zangu. Ukikaa Hispania zaidi ya siku 183 katika mwaka, wewe ni mlipa kodi wao, na kwa mapato yako yote popote yanapotoka. Mtasikia habari ya kodi nafuu ya asilimia 24 kwa wageni. Ipo, lakini iliwalenga hasa waajiriwa; mtu wa kujitegemea huingia humo kwa nadra, msiitegemee. Kila miezi 3 tunapeleka hesabu na kulipa mbele asilimia 20 ya faida, kisha mwisho wa mwaka hesabu kamili. Mimi ninamlipa mtu wa hesabu, kule huitwa gestori, kwa kuwa fomu zao ni za Kihispania cha mahakamani. Isitoshe, aliye na mali nje ya Hispania, mathalan nyumba au pesa benki, ikifika zaidi ya euro 50,000 kwa kila aina, lazima aitangaze kwao. Wenye majengo Dodoma na Kigamboni mlifikirie hilo. Na mjue kwamba Tanzania ina mikataba ya kuzuia kutozwa kodi mara mbili na nchi chache tu, kama Italia, Uswidi na India, Hispania haimo.

Nchi nyingine niziguse. Ureno inataka mara 4 ya kima cha chini chao, ambayo kwa mwaka 2025 ilikuwa euro 3,480 kwa mwezi, na hutazama wastani wa miezi 3 ya mwisho. Ofisi yao ya wageni ilibadilishwa Oktoba 2023 ikarithi mlundikano mkubwa wa mafaili, na wapo watu waliosubiri kadi zao kwa muda mrefu mno. Ujerumani haina viza ya namna hii kwa jina, ila ina kibali cha wafanyakazi huru, na sheria yao ya kodi inawataja watafsiri na wakalimani kwa jina kabisa miongoni mwa kazi huru. Lakini kule wanapenda kuona wateja wa Kijerumani, na aliyepita miaka 45 lazima aonyeshe kwamba ana pensheni ya kutosha ya uzeeni. Nikitazama vipara vilivyomo humu ukumbini, sidhani niendelee na Ujerumani. Dubai nako wana kibali cha mwaka 1 kwa mwenye kipato cha dola 3,500 kwa mwezi; wengi mna ndugu kule, waulizeni.

Sasa niseme lile ambalo mwenzangu wa bwenini aliniuliza jana usiku: je, imekulipa?

Nitajibu kwa haki. Kwa upande wa kazi, ndiyo. Umeme haukatiki, intaneti haikatiki, na mteja wa London akinihitaji saa 3 asubuhi niko naye karibu saa moja. Lakini kibali kina masharti ya kurudiwa. Changu kinaisha mwaka 2027, na wakati wa kukiongeza, kwa miaka 2 mingine, nitaulizwa tena: kipato kiko wapi? Na kazi ya kutafsiri inabadilika mbele ya macho yetu. Mashine za kutafsiri sasa zinaandika Kiswahili kinachosomeka. Mteja mmoja ameshaanza kunipa kazi ya kusahihisha maandishi ya mashine, kwa nusu ya bei ya zamani. Wakati huo huo kiwango kinachotakiwa kinapanda kila mwaka. Mistari hiyo miwili, mmoja unashuka na mwingine unapanda, ndiyo inayoninyima usingizi, si baridi wala chakula. Nimeanza kujifunza kazi ya kuhariri maandishi ya kitabibu, na ninatafuta mteja wa nne. Mwaka 2027 tutajua.

Upande wa pili ni nyumbani. Baada ya miaka 5 ya ukaazi wa halali mtu anaweza kuomba ukaazi wa muda mrefu. Lakini katika miaka 5 hiyo usiwe nje ya Hispania kwa zaidi ya miezi 10 kwa jumla, wala miezi 6 mfululizo. Miezi 10 katika miaka 5! Tazameni maana yake kwetu. Mama yangu ana miaka 78. Tangu niondoke nimekuja mara 3, moja ikiwa ni msiba wa kaka yangu mkubwa, na sikuweza kukaa hadi arobaini. Ninayo karatasi ukutani ninayohesabu siku. Mtu asiyepima jambo hili kabla ya kuondoka atalipima akiwa huko, na huko halina dawa. Kwa wale wanaouliza habari za uraia, huo ni mwingine kabisa: kwa watu wa nchi yetu Hispania inataka miaka 10 ya kukaa, na sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mimi nina kibali tu, na pasipoti yangu ni ile ile mnayoijua.

Kwa hiyo nani aende? Kwa maoni yangu, na ni maoni tu, anayefaa ni yule ambaye kwa mwaka mzima uliopita kipato chake cha wateja wa nje kimepita kiwango kwa theluthi moja au zaidi, si yule aliyekigusa kwa miezi 3 mizuri. Awe na akiba ya miezi 6. Na awe amezungumza na watu wake nyumbani kwa ukweli. Asiyefika hapo leo hajapoteza kitu kwa kusubiri, maadam anaanza kuweka hati zake sawa sasa. Ankara na mikataba yenye jina lake itamfaa hata kama hatavuka mpaka: benki ya hapa hapa ikitaka kumkopesha itauliza karatasi hizo hizo.

Nimeacha kwa Katibu nakala za mfano wa barua ya mteja na mfano wa ankara, majina yakiwa yamefutwa. Wanaotaka wachukue. Wale wa maswali ya kodi naomba wasubiri kesho asubuhi baada ya mechi ya wakongwe, kwa kuwa maswali hayo yanataka kalamu na meza, nami naona wapishi wameshachungulia mlangoni mara mbili.

Ndugu Mwenyekiti, nakurudishia kipaza sauti.